Ndege wa Baridi Katika Joto la Januari: Kwa Nini Matembezi ya Ufukweni Saadani Hufuata Mwezi

Januari Bagamoyo ni joto tupu. Kaskazi inavuma, bahari inang'aa, na mtu aliyelala madirisha wazi bado huamka na jasho shingoni. Ukialikwa na mwongoza watalii kwenda Saadani kuangalia ndege wa majira ya baridi, una haki ya kuuliza: baridi ipi? Swali la pili linakuja akikutajia muda. Wengi wetu tunajua kwamba ndege huangaliwa alfajiri, kabla jua halijachoma. Yeye anasema mkutane saa saba mchana, tena si siku yoyote, bali siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu.

Mwaliko huo una kalenda tatu ndani yake: majira ya nchi za kaskazini ya mbali, pepo za pwani yetu, na mwezi unaovuta maji. Kila moja ina sababu zake, na tukizichanganya tunaishia kusimama ufukweni tukitazama madoa meusi upande wa pili wa tope.

Saadani yenyewe iko kati ya Bagamoyo na Pangani. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa ambayo nyika yake inateremka moja kwa moja hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Mto Wami unamwaga maji yake hapo, umezungukwa na mikoko. Wageni wengi huja kwa ajili ya tembo, twiga na simba, na huo ufuko huupitia jioni kupiga picha. Mimi naamini wanaupita mlango wa chumba chenye mengi kuliko vyote. Lile tope linaloonekana tupu maji yanapokauka ni ghala la chakula, na wanaolitegemea wametoka mbali kuliko mgeni yeyote aliyelala kwenye kambi za hifadhi.

Mchukue mmoja tu. Wavuvi wengi humweka kwenye kundi moja na vitwitwi wengine, wale ndege wadogo wa ufukweni, lakini wataalamu humjua kwa jina la Calidris ferruginea. Mimi nitamwita kitwitwi wa Siberia. Januari ana rangi ya kijivu mgongoni na weupe tumboni, miguu myeusi, na mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Uzito wake ni takriban gramu 60, sawa na yai la kuku. Amezaliwa kwenye tundra ya Siberia, nyika ya baridi isiyo na miti, sehemu kama rasi ya Taimyr, juu kabisa ya Urusi, ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Kutoka huko hadi mdomo wa Wami ni zaidi ya kilomita 9,000 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na hakuna ndege anayesafiri kwa mstari ulionyooka.

Anakimbia nini? Jibu la haraka ni baridi, nalo ni nusu ya ukweli. Manyoya ya ndege ni koti zuri sana, na wapo ndege wanaoishi Siberia mwaka mzima. Kinachomfukuza kitwitwi ni njaa. Chakula chake ni wadudu na vinyoo vilivyomo ardhini, na ardhi ikiganda mdomo wake hauna pa kuingia. Basi kwa nini asihamie huku moja kwa moja? Kwa sababu mwezi Juni na Julai tundra hugeuka kuwa karamu. Jua halizami, mbu na wadudu wengine wanafurika, na kinda linaweza kula saa zote ishirini na nne. Nafasi ya kutaga ni kubwa na maradhi ni machache kuliko katika nchi za joto. Pale ni mahali pazuri pa kulea kwa wiki chache, na hapa kwetu ni mahali pazuri pa kuishi kwa miezi mingi. Ndiyo maana sipendi kusikia ndege hawa wakiitwa wageni. Ukihesabu miezi, kitwitwi wa Siberia hukaa kwenye tope za kusini na njiani muda mrefu kuliko anaokaa alikozaliwa.

Safari yenyewe haianzi kwa pamoja. Madume ndio wa kwanza kuondoka, kwa sababu hawaatamii mayai wala hawalei. Majike huwafuata baadaye. Makinda hubaki peke yao mpaka mabawa yakomae, kisha nao huondoka wenyewe, wiki kadhaa baada ya wazazi, bila mkubwa wa kuwaonyesha njia. Mwelekeo wamezaliwa nao, na huusahihisha kwa jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia.

Na hapo pana jambo ambalo kila nikilifikiria linanishangaza upya. Idadi ya makinda wanaofika Afrika haitegemei vitwitwi peke yao. Inategemea panya mdogo wa tundra anayeitwa lemingi. Lemingi huongezeka sana kwa mwaka mmoja, kisha hupungua vibaya, na mzunguko huo mara nyingi huchukua miaka mitatu au minne. Wakiwa wengi, mbweha wa aktiki hushiba lemingi na kuwaacha ndege walee. Lemingi wakiadimika, mbweha wale wale huanza kutafuta mayai na makinda, na mwaka huo karibu kizazi kizima cha vitwitwi kinaweza kupotea. Watafiti waliokuwa wakihesabu vijana na watu wazima kwenye makundi yaliyofika Afrika waligundua kwamba hesabu hiyo inapanda na kushuka pamoja na lemingi. Mtu mwenye darubini nzuri hapa Saadani, akitazama nani ana manyoya ya mwaka wa kwanza, anaweza kukisia mbweha wa Siberia walikula nini mwezi Julai.

Sasa tuje kwenye upepo. Pwani nzima husemwa kwamba ndege hawa huletwa na kaskazi. Ni rahisi kuamini, maana majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja hivyo kwa karne nyingi: yanashuka na kaskazi kuanzia Desemba, yanarudi na kusi baada ya Aprili. Lakini tazama tarehe. Vitwitwi wa kwanza hufika pwani ya Tanzania Agosti na Septemba, kusi ingali inavuma. Wanakuja dhidi ya upepo wa chini, au wanapanda juu kutafuta hewa inayowafaa, na wengi wao hawaji kwa njia ya bahari kabisa. Hupitia Bahari ya Kaspi na Bahari Nyeusi, kisha maziwa ya Bonde la Ufa. Kaskazi inapoanza kushika, wao wameshajua kila kidimbwi.

Yupo hata hivyo ambaye kaskazi humbeba kweli. Kozi wa Amur ni ndege mdogo wa jamii ya kipanga anayezaa mashariki ya Siberia na kaskazini ya China. Hukusanyika kaskazini mashariki ya India mwezi Oktoba na Novemba, akijinenepesha kwa kumbikumbi, halafu huvuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki bila pa kutua, upepo ukimsukuma mgongoni. Inadhaniwa kwamba kerengende wanaovuka bahari hiyo hiyo kwa wakati huo humpa chakula angani. Kwa hiyo wazee hawakusema uongo. Walichosema kinamhusu kozi zaidi kuliko kitwitwi.

Januari ndiyo katikati ya yote haya. Waliokuwa wakipita kwenda kusini wameshapita, wanaokaa wametulia, na hakuna aliyeanza kurudi. Ndiyo sababu sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika tangu mwaka 1967, hulengwa katikati ya mwezi huu. Ukihesabu wakati ndege wametulia, hutamhesabu mmoja mara mbili.

Tunabaki na kalenda ya tatu, na hii ndiyo inayoamua kama siku yako itakuwa ya maana au ya kuchomwa jua bure.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kukauka sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye pwani hii hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto miwili inakingamana na tunapata maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji karibu. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu anajua bila kitabu: bamvua iko kwenye siku za mwanzo na siku zinazofuata tarehe kumi na nne.

Jambo ambalo wengi hawaliwazi ni kwamba bamvua ina saa zake. Kila siku maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kwa sababu mwezi nao unachelewa kuchomoza. Lakini kila bamvua inaporudi, mwezi umerudi mahali pale pale kulinganisha na jua, na kwa hiyo saa nazo zinarudi pale pale. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hukauka kati ya saa nne na saa sita mchana, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, ukaenda asubuhi ukakuta bahari iko mlangoni.

Maji yakiwa yamekauka kabisa, tope la Saadani hutanuka mno. Ndege wote wanakula, lakini wametawanyika hadi upeo wa macho, na kuwafuata kwa miguu ni kuwafukuza. Kinachofanya kazi ni kusimama juu na kuacha bahari ikuletee. Maji yanapoanza kurudi, sehemu ya kulia hupungua kila dakika, na ndege walioenea eneo kubwa wanasukumwa kuelekea ukanda mwembamba ulio mbele yako. Kwenye bamvua, hilo hutokea kati ya saa nane na saa kumi. Na hapa jua linaingia kwenye hesabu: pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linachomoza nyuma ya ndege na kuwafanya wote kuwa vivuli vyeusi, kitwitwi na sululu hawatofautiani ila kwa ukubwa. Alasiri jua liko nyuma yako, na kila unyoya una rangi yake. Msituni alfajiri bado ni alfajiri, maana ndege wa msituni hutafutwa kwa sauti. Kwenye tope la pwani inayotazama mashariki, mchana wa bamvua hauna mpinzani.

Kofia, maji ya kunywa na viatu vinavyoweza kulowa vinatosha. Darubini ya mkononi ni lazima, na kwa kawaida mwongozaji huwa na kubwa ya miguu mitatu ambayo kundi zima hupokezana. Hifadhini hutembei kwa miguu bila askari mwenye silaha, kwa sababu tembo na nyati hufika mpaka ufukweni na Wami ina viboko na mamba. Mwongozaji naye ana kazi isiyoonekana: anajua ni mkondo upi utakaojaa nyuma yenu kabla ya ule wa mbele.

Kijijini Saadani mnapita akina mama wanaoanika uduvi. "Shikamoo mama," anasema mwongozaji. "Marahaba baba. Mmewahi, maji bado yako mbali." Taarifa hiyo ni bora kuliko jedwali la maji la mwaka, maana upepo mkali wa kaskazi unaweza kuchelewesha au kuharakisha maji, na jedwali halijui upepo.

Mkishasimama, mjifunze kwanza kutazama miguu na midomo, rangi baadaye. Kuna ndege wanaokimbia hatua chache, wakasimama kama waliosahau kitu, wakadonoa, wakakimbia tena. Hao wana macho makubwa na mdomo mfupi. Wanawinda kwa kuona. Wengi ni wale waliotoka kwenye majangwa na milima ya Asia ya Kati. Wapo wengine wasioinua kichwa, wanaoshona tope kwa mdomo kama cherehani, na kitwitwi wa Siberia yumo humo. Mtazame kwa utulivu kwenye darubini kubwa. Mdomo unaingia mpaka karibu na macho, unatulia kidogo, na mara kichwa kinavutwa na kinyoo kimeshikwa kwenye ncha. Hakukiona. Ncha ya mdomo wake ina vishimo vidogo sana vyenye neva zinazohisi mtetemo na msukumo ndani ya tope, na ndege wa jamii yake wanaweza kufungua ncha peke yake wakati sehemu iliyobaki ya mdomo imefungwa. Kwa hiyo anafungua kinywa chini ya ardhi bila kumeza tope. Sululu, aliye mkubwa na mwenye mdomo mrefu uliopinda zaidi, anafika kwenye mashimo ya kaa ambayo kitwitwi hawezi kuyafikia. Tope ni moja, lakini kila urefu wa mdomo una ghorofa yake, ndiyo maana jamii nyingi zinakula pamoja na ugomvi ni kidogo.

Na kama mna bahati, mtamwona ndege mla kaa, Dromas ardeola. Huyu hana jamaa wa karibu duniani. Amewekwa kwenye familia ya peke yake. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya rangi ya bluu-kijivu, na mdomo mnene mweusi unaofaa kuvunja. Humwendea kaa polepole akiwa ameinamisha shingo, kisha hutoka mbio ghafla. Akimkamata kaa mkubwa, humtikisa mpaka miguu ya kaa idondoke. Yeye hatoki Siberia. Huzaa kwenye pwani na visiwa vya mchanga vya Ghuba, Uarabuni na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo refu na kutaga yai moja tu, jeupe, akiuachia mchanga wenye joto kusaidia kuliatamia. Kinda lake husafiri na mzazi hadi huku, na mnaweza kumwona kijana wa kijivu akimfuata mkubwa akilia kuomba chakula. Watu wanaoishi kati ya Tanga na Mafia wana bahati kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya ndege hawa wa dunia nzima hukaa kwenye pwani ya Afrika Mashariki miezi ya kaskazi.

Maji yakishafunika tope, usiondoke. Sasa wanatafuta pa kusimama mpaka maji yashuke. Sululu wanapanda juu ya mikoko, milingoti ya mguu mmoja mmoja kwenye matawi ya mlilana na mchu. Wadogo wanaruka kwenda kwenye majaruba ya chumvi yaliyo nyuma ya ufuko, ambako maji ni ya kina kifupi na hayapandi na bahari. Huko huko mara nyingi utakuta flamingo, na yangeyange wakisubiri samaki wadogo. Anayetaka kuhesabu ahesabu hapa, kumi kumi kwanza mpaka jicho lizoee, kisha mia mia.

Saa hizi za mapumziko ndizo wanapodhurika kirahisi, na hapa namwomba kila anayekwenda ufukweni anisikilize. Ndege anayepumzika anahifadhi mafuta. Kila anapotimuliwa na mtoto anayekimbia, mbwa, pikipiki au mpiga picha asiyeridhika, mafuta hayo yanaungua, na hayarudi mpaka maji yapwe tena. Dalili ni rahisi: vichwa vikiinuka vyote pamoja, mmeshakaribia kupita kiasi. Mwongozaji mzuri husimama hapo hapo, na akiona wanaanza kutembea kujitenga, huwarudisha watu nyuma.

Hali yao haituruhusu kuwa wazembe. Mwaka 2024 orodha nyekundu ya kimataifa ilimpandisha kitwitwi wa Siberia kwenye daraja la walio hatarini kutoweka. Sehemu ya sababu iko tundra inayobadilika kwa joto la dunia, na sehemu iko njiani. Lakini ndege aliyesalimika Siberia, akavuka Kaspi na Bonde la Ufa, akafika akakuta mikoko ya mdomo wa mto imekatwa au jaruba limefukiwa kwa ajili ya majengo, hana pwani nyingine ya akiba. Kwa wakazi wa jiji la Tanga nao jambo ni hilo hilo: matope ya Mwambani na Tongoni, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, yanalisha ndege hawa hawa.

Machi vitwitwi huanza kubadilika. Kifua na tumbo vinageuka wekundu wa matofali, na wanakula bila kupumzika mpaka uzito unakaribia mara mbili. Huku kwetu urefu wa mchana haubadiliki hata saa moja kwa mwaka mzima, hivyo jua haliwaambii kitu. Wanaongozwa na saa iliyo mwilini. Ndege waliofungiwa kwenye mwanga usiobadilika waliendelea kunenepa na kuhangaika kwa majira yao, mwaka baada ya mwaka. Mwishoni mwa Aprili, masika ikiwa imeshika, wengi wameondoka.

Wengi, si wote. Waliozaliwa mwaka uliotangulia mara nyingi hawajakomaa kuzaa, na safari ya kwenda na kurudi ingewagharimu bure. Hubaki hapa kusi nzima wakiwa na kijivu chao kile kile. Aliyekosa Januari anaweza kwenda Juni, akachagua bamvua vile vile na mchana vile vile, akapeleka darubini kwenye kundi dogo lililo ukingoni mwa maji: karibu kila kitwitwi wa Siberia atakayemwona humo hajawahi kurudi alikozaliwa.